Siku Niliyompoteza Mama Mkwe Nikijaribu Pikapu

Kuna aibu za kuficha, na kuna zile ambazo hata ukizificha mtaa mzima umeshazijua, kwa hivyo hii yangu wacha niitoe mwenyewe kabla hamjaipata kwa kinyozi ikiwa imetiwa chumvi. Mimi, mtu mzima, fundi wa sofa hapa Komarock, mume wa mke mmoja na baba wa mtoto mchanga, nilimpoteza mama mkwe barabarani. Sisemi nilimkosea. Nilimpoteza, vile mtu hupoteza kofia.

Chanzo ni pikapu. Mnajua kazi yangu, sofa ukishaimaliza lazima imfikie mwenyewe, na mimi sina gari, kwa hivyo kila mzigo ni kubembeleza wale madereva wa pikapu za kukodi pale steji, ambao wakikuona na ovaroli yenye vumbi la mbao wanakujibu wakiangalia simu. Basi kwa muda mrefu nikawa nawaza kununua yangu, si ile ndogo ya kusambazia maziwa wala si lori, ile ya katikati, iliyotumika lakini bado ina nguvu. Napiga randa huku napima. Upande mmoja naona mzigo wangu nikiupeleka saa ninayotaka mimi, mvua ikija nafunika na turubai langu, na Krismasi tunaenda nyumbani magharibi tunarudi na ndizi. Upande wa pili naona dizeli, ambayo haikopeshwi, na magonjwa ya gari iliyotumika ambayo mwenyewe hakuambii, na majirani, kwa maana ukishakuwa na pikapu kwenye ploti basi wewe ndiye wa kuhamisha watu, wewe ndiye wa kusafirisha maiti, na ukikataa unaitwa mchoyo. Kila nikimaliza kupima, mizani iko sawa, naanza tena.

Hassan, mfanyabiashara wa mapazia kule Eastleigh ambaye huniuzia vitambaa, alikuwa anauza yake kwa sababu amepata lori. Nyeupe, bodi safi, kebini moja yenye kiti kimoja kirefu. Mke wangu Nafula alipoona picha kwa simu aliuliza, "Baba Neema, na sisi na mtoto tutakaa wapi?" Nikamwambia hii ni gari ya kazi, ile ya milango minne ina sehemu fupi huko nyuma na sofa ya watu watatu haitoshei, mambo ya mizigo aniachie mimi. (Hayo maneno ninayajutia, na nikisahau kuyajutia yeye hunikumbusha.)

Hassan ni mtu wa roho safi. "Ndugu yangu, gari hainunuliwi kwa macho," aliniambia. "Chukua, ipige mzigo, zunguka nayo, jioni nirudishie. Ni staata tu inasumbua kidogo, lakini hiyo si kitu." Mtu akikuambia "hiyo si kitu" kuhusu gari, jamani, kaa chini ufikirie. Mimi sikukaa. Nilichukua ufunguo, nikarudi Komarock kupakia sofa ya mteja wa Ziwani, sofa nzuri ya rangi ya damu ya mzee, bado iko ndani ya nailoni yake, nikaenda nayo nikiwa nimetoa kiwiko dirishani kama tajiri.

Sasa siku hiyo hiyo ndiyo mama mkwe alikuwa anakuja kwangu kwa mara ya kwanza. Lazima mwelewe uzito wake. Huyu mama tangu tuoane hajawahi kukanyaga nyumbani kwangu, alitaka binti yake aolewe na mwalimu, na mimi kwake nilikuwa "yule wa mbao." Lakini Nafula alikuwa amejifungua kwa upasuaji, ameteseka, tangu hospitali ni kulia tu anamtaka mama yake, na mwishowe mama akakubali. Alifika Nairobi akalala kwa dada yake, Ziwani. Nafula akaniambia asubuhi, pole pole, vile huongea akiwa hataki mchezo, "Mletee teksi. Nataka mama aingie hapa kama mgeni wa heshima, akirudi nyumbani asiseme nimeolewa na shida."

Nikafika Ziwani, mteja wa sofa amezima simu. Nikapiga, nikapiga, mteja hayupo. Basi niko Ziwani, mama mkwe yuko Ziwani, pikapu iko na mafuta. Nikajiambia, teksi ya nini, na si mama akiniona kwa gari atajua yule wa mbao amefika? Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo tu.

Njiani nikapanga dada yake aje nasi akae katikati, awe ukuta kati yangu na mama mkwe, kwa maana kwetu mkwe hamshiki mkono mama mkwe, hakai naye kiti kimoja, hata kumkodolea macho ni utovu wa adabu. (Najua siku hizi kuna vijana wanawakumbatia mama wakwe zao. Mungu awaonee huruma.) Lakini dada mtu akasema goti limevimba, hatoki. Mama mkwe akasimama kando ya gari na kuku wake kwapani, akaangalia kile kiti kimoja, akamwambia dada yake, mimi nikiwa hapo hapo naangalia viatu vyangu, "Muulize mwenye gari, mimi nitakaa wapi?"

"Kaa tu mbele, dada, huu ni mji," yule mwingine akasema.

"Hata mjini mimi bado ni mkwe wake."

Na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameagiza kigoda, amepanda nyuma na kukaa katikati ya sofa yangu, amejifunga leso vizuri, mwavuli mkononi, kuku mapajani, kama mtu anayengoja mkutano uanze. Mkoba wake ukawekwa mbele kwangu usipigwe na vumbi. Nikaondoka, nikapita njia za ndani za mitaa nisikutane na polisi, na kila kona watu wanasimama, watoto wanapunga mikono, mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, tutakupigia kura!"

Shida ikawa kioo cha ndani. Sofa nilikuwa nimeipakia ikiangalia mbele, kwa hivyo kila nikiinua macho nakutana na macho ya mama mkwe, ana kwa ana. Mara ya kwanza nikaomba radhi kimoyomoyo. Ya pili nusura nigonge mtu wa mahindi. Nikaona hapana, hii ni dharau, nikakigeuza kioo kikaangalia dari. Kile cha nje cha kushoto kilikuwa kimeshaibwa, mnajua Nairobi, na cha kulia kilinionyesha tu ubavu wa gari. Nikaendesha hivyo, moyo umetulia, nikajiona mkwe mwenye adabu kuliko wote.

Tulikuwa tumebakisha kidogo kufika nyumbani, kwa tuta lililo karibu na vijana wa kuosha magari, gari ikazima. Nikazungusha ufunguo, kimya. Staata. Nyuma wanapiga honi, wengine wananitukania ukoo, na mimi niko hapo na mama mzazi wa mke wangu juu kama bendera. Mkubwa wa wale vijana, anaitwa Kibe, akaja dirishani. "Buda, tulia. Weka gia ya pili, sisi tuachie huko nyuma. Ikishika usisimame, itazima tena."

Nikashika usukani nikangoja. Nikasikia gari inatikisika, inainuka kidogo, inakuwa nyepesi, nikasema moyoni hawa vijana wana nguvu. Nikasukumwa, nikaachilia klachi, injini ikanguruma, nikaenda. Nyuma nikasikia miluzi na makelele, nikajua wanataka cha chai, nikatoa mkono dirishani nikawapungia, nikapiga honi ya asante. Kusimama sikusimama. Niliambiwa nisisimame.

Nyumbani kina mama wa chama cha ploti walikuwa wamejipanga langoni na leso zao, wimbo juu, vigelegele. Nikaegesha vizuri kabisa. Nikashuka, na kwa heshima, mama mkwe asishuke nikimwangalia, nikageuka nikaelekea ukutani, mikono nyuma, natabasamu na ukuta. Nasikia wimbo unaelekea nyuma ya gari. Halafu sauti moja ikaacha kuimba, ikafuata nyingine, mwisho akabaki mama mmoja mwenye masikio mazito akiimba peke yake.

"Baba Neema," Nafula akasema. "Mama yangu yuko wapi?"

"Si yuko hapo kwa sofa," nikauambia ukuta.

"Sofa gani?"

Nikageuka. Huko nyuma kulikuwa na manyoya mawili ya kuku na karatasi ya nailoni. Ndugu zangu, damu iliniacha. Nafula akapiga simu ya mama yake, na simu ikaanza kulia ndani ya kebini, kwa ule mkoba. Hakunipigia kelele. Alikaa chini pale mlangoni, mtoto kifuani, akasema, "Umemwacha mama yangu Nairobi hii, hana simu, hajui hata nyumba yetu," na machozi yakamtoka. Ningekubali anitukane. Nilirudi kwa gari, staata imegoma tena. Nikatoka mbio kwa miguu, bodaboda akanichukua njiani, na njia nzima naona mama wa watu ameporwa, ameanguka, amepotelea Kayole.

Nilimkuta pale pale kwa tuta. Vijana walikuwa wameona gari ni nzito, wakashusha sofa na mama akiwa juu yake (walimwambia, "Shosho, kaa hivyo hivyo, tunakubeba"), wakidhani nitageuza mbele nirudi na injini ikinguruma nipakie tena. Na yeye angeniita vipi? Kwetu mama mkwe hataji jina la mkwe wake. Aliniangalia nikienda zangu. Sasa amekaa kwa sofa kando ya barabara, kuku mapajani, Kibe amemshikia mwavuli, mtu amemnunulia soda, na mwanamke mmoja anabonyeza mto akiuliza hii seti ni bei gani.

Nikasimama mbali kidogo, macho chini, jasho linatiririka. Mama mkwe akavuta leso, akamwambia Kibe, "Kijana, muulize huyo bwana kama alifika salama."

"Buda, mathe anauliza kama ulifika salama."

Watu wakaangua kicheko. "Mwambie nilifika," nikasema.

"Mwambie namshukuru Mungu. Sasa muulize, gari yake haina kioo?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini kudanganya ningedanganya nini? "Mwambie kipo. Niligeuza."

"Aligeuza kwa nini?"

"Nisimwangalie. Ni mkwe wangu. Kila nikiangalia nyuma namwona machoni, nikaona namvunjia heshima."

Kibe akageuka kumpelekea maneno, lakini safari hii hakucheka. Mama mkwe alikaa akiangalia kuku wake. Akasema pole pole, "Mwambie nimesikia." Akainuka, akatikisa vumbi, akakataa bodaboda, akasema atatembea. Basi tukaenda, yeye mbele na mwavuli wake, vijana nyuma yake na sofa vichwani, mimi mwisho kabisa na kuku, na mtaa mzima uko milangoni.

Hata hatujafika mbali, Nafula akatokea na mtoto, hajangoja, kidonda chake hakijapona lakini anakuja. Akamwona mama yake akaanza kulia kama mtoto. Mama akawaambia vijana, "Wekeni hapo," wakaweka sofa katikati ya njia, akaketi, akanyoosha mikono akapewa mjukuu wake. Bodaboda zikasimama. Mimi nikageukia ukuta wa kibanda cha mboga, siangalii, lakini masikio sikuyafunga, na nikamsikia akimwambia mtoto, "Baba yako ni mjinga. Lakini ni mjinga wa heshima, na hao ni wachache." Nililia pale pale, mbele ya sukumawiki.

Pikapu sikununua. Hassan alipoifuata na fundi wake nilimsimulia, akacheka mpaka akakaa juu ya tairi, akasema kweli angenieleza vizuri juu ya staata. Bado napima, lakini sasa napima ya milango minne tu, sofa ikizidi nyuma kamba zipo. Mteja wa Ziwani naye aliwasha simu jioni akiwa na haraka zake, nikamwambia asubiri, mzigo wake mgeni amekalia.

Mama mkwe alikaa kwetu mpaka Nafula akapata nguvu. Siku ya kuondoka, teksi iko langoni, nikamuuliza mke wangu kwa mlango kama sasa naweza kumpelekea mteja sofa yake. Kabla hajajibu, sauti ikatoka ndani. "Nafula, mwambie asiuze. Nikija tena nitakalia nini?"

Nikija tena. Nilienda kwa karakana nikashika msasa nikajifanya nina kazi, na jirani aliponiuliza macho yana nini nikamwambia ni vumbi. Mteja nilimtengenezea nyingine. Ile aliyokalia mama iko sebuleni, na kwetu mkwe hakai pale alipokaa mama mkwe, kwa hivyo mimi fundi wa sofa hukaa kwa stuli ndani ya nyumba yangu, na wageni wakiuliza Nafula huwaambia nitaeleza mwenyewe. Naeleza. Halafu narudia kiapo changu: gari ya kujaribu nitaipakia mchanga, nitaipakia mawe, hata ng'ombe nitapakia, lakini mama wa mtu simbebi tena.