Connectors tatu za lori ya mzee, na venye cutex iliniangusha

Wakuu niaje. Hii nitaisema venye ilifanyika, hata pale inaniumbua. Chai iko kando na simu iko na chaji, kwa hivyo sina haraka.

Mimi ni fundi wa wiring ya magari, mtaa wa Kongo, hapa Kawangware. Kwa hii kazi niko sawa, na sisemi hivyo kujipiga kifua. Gari ikisumbua umeme watu hawaulizi, wanaisukuma kwangu.

Jumatano ikaletwa lori ya mzee mmoja landlord wa Riruta. Lori imenizidi umri. Taa zinawaka zikitaka, starter imekufa, mishale ya gauge za dashboard imelala kabisa.

Mzee akasema wazi mbele ya kila mtu: "Ijumaa saa nne mtu wa scrap, wa vyuma kuukuu, anakuja kuiangalia. Ikiwaka inabaki. Isipowaka inaenda."

Dereva wake anaitwa Wafula, anakaa kijiji cha Raila, Kibera. Ameendesha hiyo lori tangu watoto wake wakiwa nursery. Kila asubuhi anatembea kutoka Raila mpaka Riruta kuichukua. Lori ikienda scrap, na yeye anaenda nyumbani. Hakuna mtu alisema hivyo, lakini sote tulijua.

Sasa mnajua kawaida ya mafundi wengi wa huku. Connector, ile plastic ya kuunganisha waya, ikishika kutu, inakatwa, waya zinasokotwa na vidole, tape inapigwa juu, gari inaenda. Miezi mitatu imerudi.

Mimi nikawaambia sikati hata waya moja. Nitatoa connectors, nisafishe, nirudishe. Nilisema kwa sauti, wenzangu wasikie.

Alhamisi asubuhi nikashuka chini ya dashboard. Kulikuwa na connectors tatu zimekaa pamoja, zote shape moja. Unabonyeza lock, unavuta plastic yenyewe, usivute waya. Halafu na kachuma kembamba unatoa terminal, ile ncha ya chuma ya kila waya, moja moja. Zilikuwa na kutu ya kijani mpaka ndani.

Waya zote zilikuwa rangi moja, ile ya vumbi na oil. Nikaenda kwa jirani yangu wa salon nikaomba cutex, ile rangi ya kucha. Nikapaka kila waya karibu na ncha: nyekundu connector ya kwanza, pink ya pili, nyeupe ya tatu. Doti moja ni shimo la kwanza, doti mbili la pili, hivyo hivyo. Nilijiona mjanja sana.

Kupiga picha sikupiga. Niliona picha ni za watu wanaojifunza.

Nikakwangua kutu, nikamimina thinner kwa mkebe, nikaingiza ncha za waya zilowe oil na uchafu utoke, nikaenda kunywa chai.

Kurudi, thinner imegeuka pink.

Wakuu, mnajua cutex inatolewa na nini. Mimi pia nilijua. Dada yangu anafanya kazi salon. Uchafu ulikuwa umetoka vizuri, na alama zote zimeenda nao.

Waya zaidi ya ishirini zinaning'inia, connectors tatu tupu, na mtu wa scrap anakuja kesho. Wafula, ambaye alishinda hapo akingoja lori, akauliza kama kuko sawa. Nikamwambia kuko sawa kabisa.

Akachuchumaa hapo mlangoni akaniangalia nikijaribu hii, natoa, najaribu ile. Baada ya muda akasema polepole, "Fundi, umepotea."

Nikaendelea kuvuta waya nyingine.

Akanyoosha mkono. "Wacha kuivuta. Hii waya imelala hapa miaka mingi. Iachilie uone inarudi wapi."

Nikaiachilia. Waya ikajikunja yenyewe, ncha ikasimama mbele ya connector ya kati, shimo la tatu. Nikaangalia nyingine. Zote zilikuwa zimekauka na kona zake, kila moja na urefu wake. Hiyo kitu ilikuwa mbele ya macho yangu asubuhi yote.

Tukafanya hivyo moja moja. Wafula anaonyesha, mimi nahakikisha na tester ya umeme, ndio nafunga lock. Mbili tu zilitubishia. Ukikanyaga breki, wiper inaamka. Wafula alicheka mpaka akakaa chini. Tukazibadilisha, wiper ikatulia. Saa kumi na moja jioni kila kitu kilikuwa mahali pake.

Ijumaa mzee akaja na mtu wa scrap. Wafula akapanda, akageuza key. Lori ikawaka mara moja, taa zote, mishale yote juu. Mtu wa scrap akaondoka bila kuaga.

Mzee akanishika bega. Akasema, watu wote wakisikia, "Dereva naweza kupata mwingine. Fundi kama huyu siwezi."

Wafula alikuwa kwa kiti anapanguza dashboard na kitambaa. Hakuinua kichwa.

Na mimi nikasema, "Asante mzee."

Hiyo asante inanisumbua tangu siku hiyo. Kongo yote inajua niliokoa lori. Wafula anapita na hiyo lori kila siku, ananipungia mkono, na hajawahi kumwambia mtu juu ya cutex.

Kesho asubuhi mzee mwenyewe anakuja na lori kwangu, Wafula akiendesha, nibadilishe fuse box. Nitamwambia nani alirudisha hizo waya, na nitasema hivyo Wafula akiwa amesimama hapo. Nimeandika hapa kwanza ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nilichojifunza: piga picha kabla hujafungua kitu, hata kama ni mara yako ya mia. Na dereva wa gari nzee anajua vitu tester yako haijui, muulize kabla hujakwama.

Mafundi mko humu, ni nani alikuokolea kazi na ukachukua sifa wewe? Mtaje hapo chini. Mimi nimeanza: Wafula.