Tuta la Getini

Watu walimwita Pindo, maana alikuwa fundi cherehani na hakuna pindo la suruali lililowahi kumshinda. Na huyo Pindo, jamani, alikuwa na gari la spoti! Jekundu, milango miwili, la chini hivi kwamba ukishuka lazima ushikilie kitu. Alilinunua likiwa limeshachoka, akalipenda hivyo hivyo, na kila Jumapili alilipangusa kwa vipande vya hariri vilivyobaki kwenye nguo za wateja. Ila shokapu zake, zile nguzo zenye springi zinazolibeba gari juu ya magurudumu, zilikuwa zimekufa. Kila tuta, tumbo la gari lilikwaruza lami: krrr!

Mkewe alikuwa mkunga, mama mwenye mwili wake. Kila asubuhi Pindo alimpeleka zahanati, jioni akamrudisha, na kila safari, kwenye tuta la getini, mama alishuka, gari likapita tupu, naye akavuka kwa miguu na mkoba wake ndipo apande tena. Miaka kumi na mmoja! Manesi walilibatiza tuta lile Kituo cha Mkunga.

Wiki ya mama kustaafu ikafika.

"Baba Watoto," akasema, "Ijumaa wenzangu wote watakuwa getini kuniaga. Siku hiyo sishuki. Nikishuka, gari lako silipandi tena maisha yangu yote."

Mama yule hakuwa na desturi ya kula kiapo bure. Pindo akakosa usingizi, kesho yake akakimbilia gereji kwa shemeji yake, mdogo wake Mkunga.

Shemeji akamwekea mezani shokapu za aina mbili. "Chukua hizi nyeusi, shem. Ndefu, tena laini. Dada atavuka kama amekaa kitandani."

Pindo hata hakuzitazama. Macho yalishagandia zile nyekundu, fupi, ngumu, zinazolilaza gari chini likapendeza. Akachomoa futikamba shingoni, akapima nafasi kati ya tairi na madigadi.

"Unaona? Vidole vinne vya bure! Mteja gani atavaa kitu kinachopwaya hivi? Punguza."

"Shem, hii siyo suruali."

"Kila kitu ni suruali," akajibu Pindo, kifua mbele.

Haya. Zikafungwa nyekundu. Gari likakaa vizuri, wapita njia wakageuza shingo, Pindo akatembea kama aliyelishona mwenyewe. Alhamisi mchana akampakia mkewe kwa majaribio. Mama akaketi, gari likazama, na kwenye kona ya kwanza tairi likaanza kusaga madigadi. Harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani.

"Ni mimi?" akauliza Mkunga.

Lo! Swali kama hilo mwanamume analijibuje?

"Si wewe, mke wangu. Ni barabara."

"Barabara ndiyo imekaa kwenye kiti hiki?"

Wakarudi gereji. Shemeji alicheka mpaka akakalia tairi bovu. "Mteja wa suruali unampima akiwa wima, sivyo? Gari hupimwa watu wameketi ndani. Wewe umepima gari tupu, shem. Dada yangu umemsahau."

Hapo Pindo akaona aibu, aibu ya kweli. Alipima kila kitu wiki ile, isipokuwa yule mtu ambaye kwa ajili yake alikuwa akipima. Akaomba zifungwe zile nyeusi, akamkaribisha mkewe kitini, kisha akapiga magoti sakafuni penye oili na suruali yake ya kutokea. Futikamba ikasoma vidole vitatu, na mama yumo ndani.

"Inakutosha?" akauliza, kama anavyowauliza wateja wake.

"Inanitosha," akasema Mkunga, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akatabasamu.

Ijumaa alasiri geti lilijaa. Manesi, mfagizi, mlinzi, hata kina mama na vichanga vyao. Pindo akampakia mkewe mlangoni pa zahanati, akalikaribia tuta taratibu, jasho likimtiririka. Tairi za mbele zilipotaka kugusa, mlango wa kushoto ukafunguka, na Mkunga huyo, nje, mkoba kwapani!

Mazoea yana taabu. Gari likapita tupu, kimya, bila mkwaruzo, na mama akabaki amesimama akiitazama miguu yake kama ya mtu mwingine. Kicheko kikalipuka getini. Yeye hakucheka. Alikuwa amekula kiapo mwenyewe, na sasa machozi yalikuwa karibu.

Pindo akarudi kinyumenyume, akavuka tuta tena. Akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango.

"Mama Watoto, ni miguu tu iliyoshuka. Wewe hujashuka. Panda."

Akapanda. Pindo akafunga mlango, akarudi kwenye usukani, akaushika mkono wa mkewe, usije ukaenda kwenye kitasa. Gari likapanda tuta, likashuka, na wala hapakuwa na krrr. Nyuma yao vigelegele vikapasua anga.

Walipofika barabarani, mama akafuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Geuza," akasema.

"Kuna nini tena?"

"Geuza tupite tena. Nilikuwa nimefumba macho."