Mshono wa Mkono wa Kushoto

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Mwaija Mdoe hakusana wala hakuvukuta, yeye alishona. Mpaka leo anashona viatu, mikoba na mipira ya watoto wa shule kwenye meza yake karibu na stendi ya Korogwe. Anashona kwa mkono wa kushoto, na wateja wapya hawakosi kumtania kwamba kiatu kitavaliwa kinyumenyume. Huwaambia wampelekee fundi wa mkono wa kulia, kisha anaendelea kuvuta uzi.

Baba yake, mzee Mdoe, alikuwa mhunzi kule Handeni. Alifua majembe na mashoka, na wawindaji aliwatengenezea magobore, zile bunduki zinazoshindiliwa baruti kupitia mdomoni. Bomba alilifunga kwenye kitako cha mti kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ambayo ikikauka hubana kuliko msumari. Kushona ngozi hiyo ilikuwa kazi ya Mwaija tangu ana miaka kumi. Wakati wa kula mkono wa kushoto ulimletea makofi, lakini kwenye kibanda cha uhunzi baba alimwambia, "Kwenye ngozi tumia utakao."

Kisha gobore likampasukia jirani yao Jabiri akivizia nguruwe shambani, likamtoa jicho. Alikuwa amelinunua kwa mwindaji aliyekwisha kuhama, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa hakika limetoka kwa fundi gani. Kijiji hakikungoja hakika. Mdoe aliomba alione, Jabiri akakataa, akalifunga guniani. Wateja wakapungua mmoja mmoja, mivukuto ikatafunwa na panya, na mzee akafa akiitwa mtoa macho. Tangu hapo Mwaija aliapa mbele ya kila mtu kwamba gobore lile si la baba yake. Alijuaje? Hakujua. Alihitaji tu iwe hivyo.

Mwaka huu serikali ilipotoa wito wa kusalimisha silaha kwa hiari, mdogo wake Mhina alimpigia simu kutoka kijijini. "Dada, Jabiri kaleta lile gobore ofisi ya kijiji. Askari anauliza fundi ni nani. Njoo ulione, uwaambie si la baba, yaishe."

Alipanda basi asubuhi hiyohiyo, na njia nzima alikuwa akijiandalia maneno.

Ofisini alimkuta Jabiri kwenye benchi, mzee sasa, gunia miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Gobore lilikuwa mezani, bomba limepasuka pale chini panapokaa baruti. Mwaija hakuangalia bomba. Aliangalia ngozi. Mishono ya mafundi wengine hulalia kulia. Hii yote ilikuwa imelalia kushoto. Mwishoni palikuwa na fundo dogo nje, lile alilokuwa akigombezwa kwa sababu vidole vyake vya kitoto havikuweza kulificha ndani.

Duniani hakukuwa na mtu mwingine wa kuisoma mishono ile. Akisema hapana, jina la baba litasafika, ila kwa uongo. Na kazi pekee iliyobaki ya mikono yao wawili ataikana mbele ya watu.

"Sema basi, dada," Mhina alimhimiza.

"Ni la baba. Ngozi niliishona mimi."

Mhina aliinamisha kichwa. Jabiri hakuonekana kufurahi, na hilo ndilo lililomfanya Mwaija alitazame gobore upya, kwa jicho la mtoto wa kibandani.

"Mdeki wake uko wapi?"

Jabiri alisita, kisha akatoa guniani kijiti kirefu cha kushindilia baruti, kikavu, kitupu.

"Huu si wa baba. Hakuwahi kutoa gobore bila mdeki wa chuma wenye alama mbili," Mwaija akamweleza askari. "Ukiutumbukiza ukazama mpaka alama ya juu, bomba tupu. Ukiishia alama ya chini, limeshashindiliwa."

"Ule wa chuma niliupoteza mtoni," Jabiri alisema. "Nikachonga huu."

"Ukatia alama?"

Mzee alikipapasa kijiti kwa kidole gumba.

"Sikutia. Asubuhi nilishindilia. Jioni nikasahau, nikashindilia tena juu yake, bomba likazidiwa."

"Ulijua lini?"

"Nilijua nikingali kitandani hospitali."

"Na baba alikuja kukuomba alione!"

"Ndiyo maana nilimkatalia. Angeuliza mdeki, kama ulivyouliza wewe."

Mwaija alishikwa na hasira. Angeweza kumtukana mzee yule na hakuna ambaye angemlaumu. Askari, kalamu mkononi, aliuliza taratibu, "Kwenye fundi niandike nani, mama?"

"Andika Mdoe." Kisha akamgeukia Jabiri. "Hayo ya kwenye karatasi atayasoma nani? Mzee, toka nje ukawaambie watu wewe mwenyewe."

Nje watu walikuwa wamepanga foleni na magobore yao, wengi wao watu wazima wa kijiji kilekile. Jabiri alisimama mlangoni na kile kijiti mkononi.

"Mdoe," alianza, akaishia hapo. Mwaija alisogea akasimama kando yake, na mzee akaanza tena, safari hii kwa ule mdeki uliopotea mtoni.