Ng'ombe Aliyebaki Bunda

Mwanangu, Jumamosi ile naikumbuka mpaka leo, maana ndipo nilipopokea ujira wangu kule Bweri bila kunuka gongo. Nilikuwa fundi wa kujenga, na pombe nilikuwa nimeiacha juzijuzi tu. Mke wangu Nyangeta alisharudi Bunda na watoto, kwa baba yake, na baba mkwe alisema waziwazi: hamrudishi mpaka nilipe madeni na niweke kitu kisichonyweka. Mimi nilimtaka mke wangu. Sikuwa na haja nyingine duniani.

Basi nikaoga, nikavaa shati la kanisani, nikashika njia ya Kitaji kwa Mama Bhoke, muuza gongo, aliyekuwa akininywesha kwa mkopo. Nilitaka nimlipe kwa mkono wangu mbele ya wanywaji wote, waone mwanaume amebadilika. Nilijiona wa maana kweli!

Sijafika mbali nikakutana na shangazi yangu, ametoka Butiama kuja kuniangalia, mwavuli mkononi.

"Umependeza hivyo unaenda wapi?"

"Kwa Mama Bhoke, shangazi. Kulipa deni."

"Unataka kulipa, au unataka uonekane unalipa?"

Akanyoosha mkono. "Lete hizo hela, shika mwavuli. Mguu wako usikanyage pale."

Shangazi alikuwa mama wa kanisa hasa, rozari shingoni, sauti ya kuongoza nyimbo. Nikabaki barabarani na mwavuli wake, aibu tupu, nachungulia juu ya ua. Alipoingia, wanywaji walisimama wote kama watoto wa shule. Mmoja alificha kikombe ndani ya kofia, kofia ikalowa. Mwingine akaitikia "Amina" na hakuna aliyesali. Nilicheka, mwanangu, mpaka nikakaa chini. Tangu niache pombe nilidhani kicheko changu kimebaki mle ndani ya ua, kumbe nilikuwa nacho mwenyewe.

Shangazi alilipa sehemu, wakapatana nyingine ije taratibu. Mama Bhoke akamsindikiza hadi mlangoni, akaniona, akapaza sauti: "Wewe, usinirudie hapa! Hela yangu nitakuwa nafuata kwa shangazi yako!" Na alifuata kweli. Kila mwisho wa mwezi alipanda gari hadi Butiama, akala ugali na dagaa, akachukua chake. Wale wawili walikuja kuwa mashoga.

Tangu siku hiyo ujira wangu wote ulipitia kwa shangazi. Hela ya chakula alinipa kidogo kidogo, nami nikinung'unika kama mtoto. Deni lilipoisha aliendelea kuweka, hadi siku aliponipeleka mnadani tukanunua mtamba mwekundu. Kamba yake nilishika mwenyewe, sikumwachia mtu.

Tukamfikisha Bunda. Baba mkwe akamzunguka, akamkagua meno na kwato, sisi tumesimama juani. Nyangeta alikuwa mlangoni, amebana upindo wa kanga mdomoni asicheke.

"Ng'ombe atabaki zizini kwangu," mzee akasema. "Mke wako nenda naye, na watoto. Siku ukinywa, tunabadilishana."

Sasa wewe uliyeacha pombe juzi, na ujira wako unaingia kwenye simu, nisikilize. Siku hizi za mwanzo usikae na pesa yote peke yako. Mpe mtu unayemwamini, asiyeogopa kukukatalia. Deni la kilabuni lilipe, ni haki ya mtu, ila tuma pesa, miguu ibaki nyumbani. Usilipe yote kwa mkupuo ukabaki na njaa, maana mimi njaa na hasira ndivyo vilikuwaga vinanirudisha kule. Na hicho kidogo kinachobaki kigeuze kitu kisichonyweka, ukiweke mbali na mikono yako.

Baba mkwe alishatangulia mbele za haki. Mtamba yule alizaa, na wanawe wakazaa, na Nyangeta akinikasirikia bado ananiuliza kama nataka tukabadilishane. Sijawahi kutaka. Mungu akulinde jioni zako, mwanangu, akuletee shangazi mkali, na akurudishie nyumbani wale unaowalilia, wakiwa wanacheka.