Siku yangu ya off melini, wakati wa Emergency, na DO aliyehamisha mama yangu

Salamu wakuu, na mnaosoma kimya kimya pia.

Nakaribia miaka tisini na natype kwa kidole kimoja, kwa hivyo sina nguvu ya kuongeza chumvi. Ilikuwa hivi.

Baba alikuwa na bucha Runyenjes, Mwislamu wa mjini. Mama ni Mwembu wa Kanja. Baba alipofariki mama akarudi kwao.

Emergency, ile hali ya hatari ya mkoloni, ilipoingia, mimi niliandikwa Mswahili kwa sababu ya baba. Mama akaandikwa Mwembu. Mimi nikaenda Mombasa kutafuta kazi. Yeye akahamishwa kwa nguvu hadi kijiji cha kuzungushiwa ua, na bila pasi ya ruhusa hatoki. Nyumba moja, sheria mbili.

Nikapata kazi ya kukata nyama kwenye meli ya abiria ya kwenda Uingereza. Mkubwa wangu alikuwa Mgoa, mtu wa maneno machache.

Siku chache kabla ya Aden akaniambia nyama iliyokatwa inatosha, niende nipumzike mpaka kesho.

Sikujua nianzie wapi. Sikuwa nimewahi kupumzika mchana bila kuwa mgonjwa.

Nikaoga. Nikabeba chai na machungwa mawili, nikakaa deki ya nyuma, sehemu ya wafanyikazi. Bahari ilikuwa imelala. Samaki walikuwa wanaruka na kurudi, hakuna wa kuwauliza kipande cha utambulisho. Nikalala usingizi wa kukoroma.

Nikaamshwa na mzungu. Alikuwa upande wa abiria, ameegemea kamba inayotutenganisha, ananiuliza kwa Kiswahili natoka wapi.

Nikasema Kanja.

Akafurahi kama amepata ndugu. Alikuwa DO huko, afisa wa serikali ya mkoloni, sasa anaenda likizo. Akaniambia yeye ndiye alijenga kile kijiji. Wakuu, walijenga kina mama, yeye alisimama na fimbo. Lakini ilikuwa siku yangu ya off, sikubishana.

Akavuta kiti. Tukakaa hivyo karibu saa nzima, kamba katikati. Nikampa chungwa. Akasema amekumbuka baridi ya Kanja asubuhi. Hata mimi nilikuwa nimeikumbuka.

Hapo ndipo nikaona nikinyamaza nitajuta. Dada yangu Zainabu alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule Nkubu, mimba imemsumbua vibaya. Mama alikuwa ameomba pasi mara tatu, akanyimwa mara tatu. Nikamweleza.

Akauliza jina la mama. Nikataja.

Akaacha kumenya chungwa. "Huyo alikaa mlangoni tukiezua nyumba," akasema. "Tulimbeba na kiti chake."

Nikasema, "Ndiye."

Nilijua imeisha. Akaondoka bila kuaga, na chungwa langu mkononi. Nikajilaumu kwa kutaja jina, halafu nikajilaumu kwa chungwa.

Jua likielekea kushuka akarudi na barua ndani ya bahasha, kwa jina la aliyeshika nafasi yake, ya kumwombea mama pasi. Akasema itapostiwa Aden. Nikasema asante bwana. Hatukuongea tena safari nzima.

Habari zilinipata Uingereza, kwa barua ya mama, iliyoandikwa na mwalimu kwa niaba yake. Pasi ilitoka. Alifika Nkubu, akamkuta Zainabu hai, mtoto wa kike amezaliwa. Walikaa pamoja siku tatu, kisha Zainabu akafariki, kichwa kikiwa mapajani mwa mama.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mama nani aliandika ile barua ya pasi. Alikuwa anachambua njahi, yale maharagwe meusi, kwenye karai. Hakuinua macho.

Akauliza kama nilimshukuru. Nikasema ndiyo.

Akachambua mpaka karai likaisha, mimi nimesimama tu.

Kisha akasema, "Siku tatu ni nyingi."

Hakulitaja jambo hilo tena mpaka anaingia kaburini.

Nilichojifunza: omba unachohitaji hata kwa mtu ambaye hutaki kumwomba, mradi si wewe peke yako unayengoja jibu. Ile asante ndiyo bado sijaielewa. Siku nyingine naona nilifanya vizuri, siku nyingine naona aibu.

Nyinyi mngeshukuru? Semeni ukweli, nitasoma zote, polepole.