Fisi wa Mchana

Benedeta alikuwa na shamba la muhogo huko Masinya, karibu na mpaka wa Kenya, pale ambapo mashamba ya watu yanaishia na msitu wa Serikali unaanza. Mumewe alikuwa amefariki, na mwanawe Okochi alikuwa amevuka kwenda Kenya kutafuta kazi, kama vijana wengi walivyofanya miaka ile ya utawala wa wanajeshi. Kuni alizitoa msituni, uyoga aliutoa msituni, na nyasi za kuezekea alizikata huko huko.

Fisi nao walikuwa huko. Tangu alipoolewa alikuwa akiwasikia jioni wakicheka ng'ambo ya kijito, wala hawakumkosesha usingizi. Mbuzi walilala ndani, mtoto hakutumwa mbali jua likishazama, na ukikutana na fisi kichakani uligonga panga kwenye mti, naye akajiondokea upande upande kama mtu aliyefumaniwa. Watu walimwogopa fisi kidogo, fisi akawaogopa watu zaidi, na maisha yakaenda.

Mwaka wa 1977 mambo yalibadilika. Asubuhi moja, jua likiwa tayari kali, Ajambo, bintiye jirani yake Kevina, alikuwa aking'oa muhogo kando ya msitu. Fisi akatoka kwenye vichaka, akamshika mkono na kuanza kumvuta. Benedeta alikuwa shamba la pili. Alikimbia na jembe, akampiga fisi mgongoni, akampiga tena, ndipo fisi akamwachia mtoto. Lakini hakukimbia. Alisogea hatua chache, akasimama akiwatazama. Benedeta alimbeba Ajambo, akarudi kinyumenyume mpaka nyumbani, maana alihisi kwamba akigeuka tu yule mnyama atamfuata.

Mkono wa Ajambo ulipona vibaya, vidole havikufunga tena. Watu wa Masinya wakaanza kuulizana.

"Fisi wa kawaida hafanyi hivyo," alisema Oguttu, shemeji yake Kevina. "Huyu ana mwenyewe anayemtuma."

Zamani wangepeleka habari Tororo, askari wa wanyamapori akaja na bunduki. Sasa nani angekwenda kwenye ofisi yoyote kuomba bunduki? Wanaume nao hawakuthubutu kukusanyika na mikuki, wasije wakaitwa waasi. Kwa hiyo hasira yote iligeukia karibu, ikamwangukia Ilukor.

Ilukor alikuwa mzee wa Kiteso aliyehamia pale kutoka upande wa Tororo, akakaa peke yake mwisho wa njia ya msitu akichoma makaa. Hakuwa msemaji. Kevina alikuwa ameona jambo ambalo wengine nao walikuwa wameliona bila kulitaja: kwa miezi mingi moshi wa makaa haukuonekana tena, lakini Ilukor aliingia msituni karibu kila siku na jembe begani, akirudi na udongo mpaka magotini. Na fisi hawakumgusa.

"Makaa hachomi, shamba huko hana. Anachimba nini?" Kevina aliuliza.

Benedeta naye alianza kufunga mlango Ilukor akipita, na mzee alipomsalimu, aliitikia akiangalia pembeni.

Kulikuwa na jambo lingine, lakini hilo hakuna aliyelisema. Baadhi ya siku gari liliiacha barabara ya Tororo, likaingia njia ya msitu, likatoka baada ya muda mfupi. Likipita, wanawake waliinama kwenye palizi zao, na hakuna aliyeinua uso mpaka mlio ulipopotea.

Siku moja Oguttu alitangaza kwamba Jumapili, watu wakitoka kanisani, nyumba ya Ilukor itachomwa.

"Ngojeni kwanza," Benedeta alisema. "Niacheni nikaone anafanya nini."

"Na akikuona?"

"Nitasema natafuta kuni."

Ijumaa alasiri alimfuata mzee. Ilukor alitembea bila kugeuka, akaiacha njia ya makaa, akashika alama za matairi. Benedeta alisikia harufu kabla ya kuona chochote. Kisha akamwona fisi amekaa chini ya mti, mchana kweupe, na mbele yake Ilukor akichimba. Kati yao mtu amelala chini, miguu mitupu. Mzee alichimba kidogo, akainuka, akamtupia fisi jiwe, akachimba tena. Fisi alirudi nyuma, akakaa, akangoja.

Benedeta akakanyaga kijiti kikavu.

"Nani?" Ilukor aliinua jembe. Alipomwona, alilishusha polepole. "Mama, wewe nafuata mimi kwa nini? Nani alituma wewe?"

"Hakuna. Nimekuja mwenyewe. Huyu ni nani?"

"Mimi sijui. Wanaleta na gari, wanatupa, wanakwenda. Hii si ya kwanza." Alijipangusa uso kwa mkono. "Nilikuwa na tanuri ya makaa pale. Nikaona kwa macho yangu. Nikaacha makaa."

"Na fisi?"

"Fisi nakula mutu mara moja, basi. Haogopi mutu tena. Naona mutu ni chakula. Ndiyo ile ilivuta mutoto wa Kevina. Mimi nikichelewa kufunika, wanakula. Nikifunika muzuri na mawe, wanakwenda mbali."

Benedeta alitaka kurudi nyumbani na kusahau njia ile. Pia alijiuliza kama mzee anasema kweli, au ni maneno ya mtu aliyefumaniwa. Akatazama alama za matairi, akatazama mikono ya Ilukor iliyochubuka kwa mawe. Kisha akaenda kukusanya mawe, kwa sababu fisi alikuwa amesogea tena.

Jumamosi Kevina alimngojea njiani.

"Mama Okochi, umeona nini?"

"Anachimba mizizi ya dawa."

"Dawa ya nini?"

"Sikumuuliza."

Kevina alimtazama kuanzia miguuni, penye udongo uliokauka, mpaka usoni. "Ulikaa huko jioni nzima kuangalia mizizi?"

Benedeta alitaka kumwambia. Kevina alikuwa rafiki yake tangu siku zao za ujana. Lakini Kevina angemwambia Oguttu, na Oguttu alikuwa na urafiki na chifu, na kwa chifu hakuna aliyejua neno linafika wapi. Akasema jambo lingine, nalo lilikuwa la kweli.

"Mwambie Oguttu asichome nyumba. Moshi utaonekana barabarani. Watakuja kuuliza ni moshi wa nini. Atajibu yeye?"

Nyumba haikuchomwa. Lakini tangu siku hiyo Kevina hakuja tena kuomba moto kwa Benedeta, na Ajambo alikatazwa kupita uani kwake.

Baadaye Oguttu alilipeleka neno la fisi kwenye baraza la chifu. Hakuwa na nia mbaya, au labda alikuwa nayo. Alisimama akasema fisi wamezidi, wanashika watu mchana. Watu wakainamisha vichwa. Pembeni ya chifu alikaa mgeni mwenye miwani myeusi na viatu vyenye visigino virefu, kama walivyovaa watu wa usalama wa Serikali, na kila mtu pale alijua kwamba watu, wanapoongea chinichini, huwaita fisi wale wanaokuja na magari usiku.

Mgeni alivua miwani. "Fisi gani hiyo?"

Oguttu akaketi. Benedeta akainuka.

"Fisi ya miguu nne, afande. Imekula mbuzi yangu."

"Natoka wapi?"

Asingeweza kusema msituni. "Navuka kutoka Kenya, afande. Pale kwa mto."

Mgeni alifikiri, kisha akacheka. "Hata fisi ya Kenya nafanya magendo!" Chifu akacheka, na baraza likacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Oguttu hakucheka. Alijua fisi hawatoki Kenya, na alijua kwamba Benedeta anajua. Akaenda nyumbani akamwambia Kevina kwamba yule mwanamke anawaficha wale wanyama.

Hivyo ndivyo Benedeta alivyoishi mwaka mzima na zaidi. Aliingia msituni na kamba ya kuni, akatoka na mzigo kichwani, na katikati ya hayo alimsaidia Ilukor. Mmoja alichimba, mwingine alisimama na mkuki waliouficha huko msituni, akiwatazama fisi. Walipofunika vizuri, wiki zilipita bila fisi kuonekana mashambani. Hakuna jirani aliyeuliza kwa nini. Walisema tu kwamba wenye fisi wameshiba. Nao wawili waliaminiana nusu nusu. Ilukor alimuuliza mara kwa mara kama kuna mtu ameongea naye, na Benedeta akamuuliza hivyo hivyo.

Katika mvua za mwaka wa 1978 udongo ulikuwa mzito na mto ndani ya msitu ulikuwa umejaa. Benedeta alikuwa ameinama kuokota jiwe aliposikia Ilukor akipiga kelele. Fisi wawili walikuwa wamekuja kutoka upande ambao hakuutazama. Mmoja alikuwa amemshika paja. Benedeta alimchoma ubavuni kwa mkuki, akaendelea kuchoma mpaka alipoachia, na yule wa pili akarudi vichakani. Alifunga paja kwa shuka yake, akamvuta mzee mpaka barabarani, wakapata baiskeli iliyowachukua.

Hospitalini waliulizwa ni mnyama gani.

"Mbwa," Ilukor alisema.

Daktari alitazama jeraha, akamtazama Benedeta, asiulize zaidi. Siku zile hata daktari alijua wakati wa kutouliza. Jeraha lilioza, na Ilukor akafa kabla ya mvua kuisha. Kwenye mazishi yake walikuwepo watu wachache. Njiani kurudi Benedeta alimsikia Oguttu akisema, "Wanyama wake wenyewe wamemmaliza." Akapita, akaenda zake.

Mwaka uliofuata serikali ile ilianguka. Wanajeshi walipita barabarani siku nyingi wakielekea kaskazini, wengine wakiwa wametupa nguo za jeshi. Kulipotulia, mwanamke mmoja alifika uani kwa Benedeta, amejifunga leso, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alijitaja kuwa Habibah, mke wa dereva wa lori kutoka mjini Busia. Mumewe aliitwa Swaliki. Alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabara akiwa na lori la samaki.

"Nani amekutuma kwangu?" Benedeta aliuliza.

"Hakuna, mama. Naenda nyumba kwa nyumba kando ya msitu huu."

"Mimi sijui chochote."

Habibah akakaa chini, pale pale kwenye udongo. "Alikuwa mrefu. Mkono wa kushoto hana kidole kidogo, kilikatwa na mlango wa gari."

Mkono huo Benedeta aliwahi kuushika yeye mwenyewe, alipokuwa akimlaza mtu mmoja mrefu shimoni. Hata hivyo alimweka mgeni muda, akamuuliza habari za watoto, za ndugu, za msikiti wanakosali, akitafuta kama kuna uongo. Mwishowe akachukua panga.

Walipopita kwa Kevina, Kevina aliwaona, akawafuata kwa mbali. Benedeta alisikia nyayo zake, asigeuke.

Mawe yalikuwa yameota majani. Benedeta alionyesha rundo moja, kisha akaonyesha na mengine, moja baada ya jingine, na nyuma yake Kevina akaanza kulia.

"Ulimlaza upande gani?" Habibah aliuliza.

"Hatukujua mambo ya Kiislamu, mama. Tulimfunika tu, fisi wasimfikie."

Habibah aliweka kiganja juu ya mawe. "Nani mwingine?"

"Mzee Ilukor. Yeye ndiye aliyeanza."

Habibah alimwombea Swaliki, kisha akamwombea na yule mzee kwa jina lake. Walipoinuka, Kevina alimsogelea Benedeta.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungemwambia Oguttu."

Kevina hakukana. Wakarudi nyumbani kwa njia ya mashamba, Habibah akiwa katikati yao.