Upande wa Kuria

Makongoro alipostaafu ufundi umeme kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda, wengi walidhani angerudi kwao Butiama kufuga ng'ombe. Yeye akabaki Iringo, mjini Musoma, akawa anaunda amplifaya. Hakuziunda ili auze. Mikono yake tu haikujua kukaa bure. Na katika kila boksi, alichokipenda kuliko vyote ni paneli ya mbele, ile yenye vitufe vya kuzungusha na maandishi yake. Nyaya za ndani zingeweza kukaa kama utumbo wa kuku, lakini uso ulipaswa kuwa uso.

Amplifaya yake bora aliipeleka kanisani, na kwa miaka kumi na moja aliyekaa nayo alikuwa mkewe Wankyo, Mkuria wa Tarime mwenye sikio lisilodanganywa. Kwaya ikipaza mno, anashusha. Mhubiri akimeza maneno, anapandisha. Kisha presha ya macho ikaanza kumnyang'anya mwanga. Mwaka jana alisoma kwa kukunja uso. Mwaka huu herufi zimekuwa ukungu, na vitufe sita vinavyofanana vimeshampoteza mara mbili katikati ya wimbo. Nathan, mwalimu wa kwaya, akamwambia kwa upole kwamba mambo yasipobadilika hadi Jumapili ya Mavuno, kiti kile atapewa Stellah, binti mmoja wa pale kanisani. Wankyo akajibu, "Sawa." Tangu siku hiyo akawa hacheki tena nyumbani, na Makongoro alikiogopa kimya kile kuliko upofu wenyewe.

Basi akaamua kutengeneza paneli mpya, yenye maandishi ambayo mkewe angeyamudu.

Mjini Musoma lipo duka linalochonga vibao vya majina kwa leza. Makongoro alisimama pale akiutazama mwanga ule ukichoma rangi ya juu na kuacha herufi nyeupe, nyembamba, safi. Hata moshi wake aliuona una adabu. Ungeweza kuandika nusu ya Zaburi kwenye kiganja. Ukikosea, unachukua kipande kingine, dakika kumi kazi imekwisha. Alichongewa kibao cha mfano, akakibeba nyumbani akijisikia bwana harusi.

Wankyo akapitisha kidole. Akarudia tena.

"Baba Kwangu, umeniletea kibao kitupu?"

"Kimeandikwa hicho!"

"Mimi nasikia laini tu, kama sahani. Haya maandishi ni ya wenye macho."

Makongoro aliona aibu. Kumbe alikuwa anachagua uzuri wa kumfurahisha yeye mwenyewe.

Kesho yake akapanda basi hadi Bunda, kwa Faustine, fundi anayechonga milango kwa rauta, mashine ya kuchimba inayoongozwa na kompyuta. Rauta haina adabu ya leza. Inapiga kelele, inatema vumbi, na pembe za herufi zake hutoka za mviringo.

"Mzee, ncha yangu ni ya milimita tatu," Faustine alisema. "Ukinipa herufi ndogo zitaungana zote ziwe shimo moja. Nipe maneno machache, makubwa. Na ujue, nikishachimba nimechimba. Hii haina ufutio."

Makongoro alipitisha kidole kwenye mlango uliokuwa pale, na mfereji ukamnasa ukucha. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Akatoa paneli tupu ya alumini, akaandika maneno sita kwenye karatasi. Faustine akayasoma, akasita kwenye la tano.

"Hili nalo liwe hivi hivi?"

"Kwani mi naandikaga vingine? Chonga, kijana wangu."

Na mashine ikachonga.

Jioni, nyumbani, alipoiweka paneli mezani ili aifunge skrubu, ndipo alipoona. SAUTI, BESI, MAIKI, MWANGWI, KURIA, KUSHOTO. Kuria! Huku kwetu Mara tunaujua ugonjwa huu: L na R ni mapacha, ukimwita mmoja anaitika mwenzake. Mdomoni hauna madhara, lakini hapa ulikuwa umechimbwa kwenye alumini. Alitaka kuandika upande wa spika, akaandika kabila la mkewe. Na Jumapili ya Mavuno ni keshokutwa.

Wankyo alimsikia akiguna. "Nipe hiyo."

Kidole kikatembea polepole. Sauti. Besi. Maiki. Mwangwi. K, U, R... kikasimama. Kisha akaangua kicheko, cha kwanza tangu Nathan aseme neno lake.

"Baba Kwangu! Umeniandika mimi?"

"Nimekosea, mama. Nilitaka kuandika kuria."

"Si ndivyo ulivyoandika?"

"Siyo hiyo! Kuria, ile ya mkono wa kuria!"

"Sasa ulichokosea ni nini?" Wankyo aliuliza, machozi ya kicheko yakimtoka. Makongoro akasema atarudi Bunda alfajiri. Mkewe akaikumbatia paneli. "Hii haiendi popote. Nikifika hapa nitajuaga nimefika kwetu."

Jumapili ya Mavuno Stellah alikaa karibu na Wankyo, akisubiri. Katika ubeti wa pili, spika ya kulia ikaanza kupiga mluzi. Stellah akainuka. Kidole cha Wankyo kilikuwa kimeshateleza juu ya maandishi, kikanasa, mkono ukazungusha kidogo, na mluzi ukakatika kabla waimbaji hawajavuta pumzi. Nathan hata hakugeuka. Mikono yake iliendelea kuongoza wimbo.

Stellah akainama, akasoma. "Mama, hapa wamekosea," alinong'ona. "Ilitakiwa kulia."

"Hapo ni kwetu, mwanangu. Kaa tu."

Stellah akakaa. Na kule kwenye benchi la nyuma Makongoro, ambaye hakuwahi kulitamka neno hilo sawasawa maisha yake yote, alikuwa analia, safari hii bila kukosea herufi.